Robo maili ya Nairobi: usiiamini 300 ya daino kabla hujasoma CF

Chukua Subaru Impreza ya GDA yenye injini ya turbo ya EJ20 iliyotyuniwa, na karatasi ya daino, ile mashine ya kupima nguvu ya gari, inayosema hospawa (nguvu farasi) 300 kwenye magurudumu. Mwenye gari anataka kujua itamaliza robo maili, yaani mita 402, kwa sekunde ngapi. Anafungua kikokotoo mtandaoni, anagawa 300 kwa 0.8 apate nguvu ya injini kabla sehemu yake haijapotea kwenye gia na shafti, anaweka kilo 1,500 na dereva akiwa ndani, na kikokotoo kinamrudishia 12.0. Siku ya kupima anapata 13.6. Hapo anaanza kumshuku fundi, klachi na petroli ya kituo. Ile 300 haiguswi.

Fomula yenyewe haina ubaya. Zile zinazotumika sana zinajulikana kwa majina ya Hale na Huntington, na zote mbili zinasema jambo moja: gawa uzito kwa nguvu, tafuta kipeuo cha tatu cha jibu, zidisha kwa namba fulani. Ukitumia kilo na hospawa za injini, namba ya Hale ni 7.58 na ya Huntington ni 8.19. Kwa kasi ya kuvuka mstari unageuza sehemu, nguvu juu ya uzito, na kuzidisha kwa 289 kwa Hale au 277 kwa Huntington, upate kilomita kwa saa. Hale inafaa gari lililopangwa vizuri, dereva anayejua kuondoka na matairi yanayoshika. Huntington iko karibu zaidi na gari la kawaida la barabarani. Tofauti kati yao kwa gari letu ni karibu sekunde moja nzima, kwa hiyo anayekupa jibu la desimali mbili kutoka kwenye fomula hizi anakuchezea.

Kosa liko kwenye 300. Angalia pembeni mwa grafu ya daino, kwa maandishi madogo, utaona SAE, STD au DIN, ambayo ni majina ya viwango vya kurekebisha, na karibu yake herufi CF na namba kama 1.24. Hiyo CF ni kizidisho. Mashine ilipima nguvu halisi, kisha ikaizidisha ili ionyeshe gari lingetoa nini kwenye hewa ya kiwango. SAE J1349 inachukulia hewa kavu ya kilopaskali 99 na nyuzi 25. Nairobi hewa ina takriban kilopaskali 83, na ukiondoa mvuke unabaki na 82 hivi. Fanya hesabu ya SAE kwa nyuzi 25: 1.18 mara 99 gawa kwa 82, toa 0.18. Jibu ni 1.245. Kwa hiyo karatasi ya 300 inatoka kwenye gari lililotoa 241 kwenye magurudumu. Hizo 241 ndizo zitakazosukuma gari kwenye lami ya Nairobi, maana lami haijui SAE ni nani.

Kuna wanaosema, "Lakini turbo haiathiriwi na mwinuko." Nusu ni kweli. Injini isiyo na turbo, kama ile ya Mark X, inapoteza karibu asilimia 17 hapa na hakuna la kufanya. Turbo inategemea busti, yaani presha inayoongezwa na turbo, inadhibitiwa vipi. Wastegeti ya springi, ile vali inayozuia busti kuzidi, inapima tofauti na hewa ya nje. Ukiiweka baa 1.2, yaani kilopaskali 120, baharini ndani ya manifoldi kuna kilopaskali 101 na 120, jumla 221. Nairobi ni 83 na 120, jumla 203. Gawa 203 kwa 221 upate 0.92, yaani umepoteza asilimia 8. Kile kizidisho cha asilimia 24 kilitungwa kwa injini inayovuta hewa yenyewe. Kwa turbo kinaongeza mno, kiasi kwamba karatasi yako haisemi hata gari lingetoa nini Mombasa.

Kompyuta ya injini inayolenga presha kamili, si ya tofauti, itaiambia turbo irudishe zile 221. Inawezekana, ila turbo inafanya kazi ya ziada. Uwiano wa presha unapanda kutoka 2.2 baharini hadi 2.7 hapa, feni ya turbo inazunguka kwa kasi zaidi, na hewa inatoka ya moto zaidi. Turbo ndogo kama TD04 inaishiwa pumzi mapema. Geji inaonyesha busti nzuri kwenye mizunguko 4,000, halafu inalala kufikia 6,000. Soma geji mpaka juu kabisa, si pale ilipogonga kilele tu.

Sasa kosa jingine ambalo linafanywa hata na watu makini. Wanafungua programu ya hali ya hewa kwenye simu, wanaona hektopaskali 1,019, na wanaiingiza kwenye kikokotoo kama presha ya Nairobi. Ile ni presha iliyorekebishwa ionekane kama ya usawa wa bahari, ili wataalamu wa hewa waweze kulinganisha miji. Presha halisi uliyosimama ndani yake ni kama 830, yaani zile kilopaskali 83. Barometa nzuri kuliko zote tayari iko kwenye gari lako. Fungua swichi bila kuwasha injini, soma sensa ya MAP, ile ya presha ya manifoldi, kwa kifaa cha OBD cha kusomea kompyuta ya gari, na itakupa 83 au 84 kilopaskali. Ukishuka Athi River itapanda kidogo, ukipanda Limuru itashuka hadi 77 au 78. Ikikuonyesha 100 mjini Nairobi, sensa imekufa au programu inabahatisha, na tyuni nzima iliyofanywa juu yake ina shaka.

Pia linganisha nyakati zako na za watu wenye hewa kama yako. Uwanja wa Bandimere karibu na Denver, Marekani, uliofungwa mwaka 2023, ulikuwa kwenye mwinuko wa karibu mita 1,770, na video zake bado zipo tele. Tarlton huko Afrika Kusini nayo iko kwenye nyanda za juu. Video ya Florida haikuhusu.

Baada ya kuondoa CF, hakikisha namba yako kwa njia nyingine mbili, maana daino zenyewe hazikubaliani. Njia rahisi ni sensa ya MAF iliyo kwenye bomba la hewa ya kuingia. Inapima uzito wa hewa, gramu kwa sekunde, kwa hiyo mwinuko tayari umo ndani yake na hakuna cha kurekebisha. Rekodi ukikanyaga mpaka chini, chukua namba kubwa zaidi, zidisha kwa 1.25. Gramu 240 ni kama hospawa 300 za injini. Hii inavunjika mara moja ukibadilisha bomba la hewa kwa lenye kipenyo kikubwa bila kupanga upya MAF kwenye kompyuta. Hapo sensa inaona hewa kidogo kuliko iliyopita na kila kitu, pamoja na mafuta, kinakuwa uongo.

Injekta, zile zinazopuliza petroli, ni hakimu wa pili. Injini ya turbo inayoendeshwa kwa usalama inahitaji takriban sisi (cc, sentimita za ujazo) 6.3 za petroli kwa dakika kwa kila hospawa. Injini ya 300 inataka 1,890, gawa kwa injekta nne upate 472, na kwa kuwa hutaki zifunguke zaidi ya asilimia 85 ya muda, unahitaji injekta za sisi 555. Mtu akikuambia gari lake lina hospawa 375 na injekta bado ni zile za 440, muulize petroli inapitia wapi.

Njia ninayoipenda zaidi haihitaji daino, na unaweza kuifanya bila kuvuka kikomo cha kilomita 110 kwa saa. Tumia gia ya pili. Kwenye boksi yenye uwiano wa 1.947 na difu ya 3.9, tairi 215/45R17, kilomita 60 kwa saa ni mizunguko kama 4,000 na 105 ni karibu 7,000, yaani eneo lote la nguvu ya turbo. Tafuta barabara tupu isiyo na mteremko, pima muda kutoka 60 hadi 105, mara tatu kila upande. Kisha:

Geuza kasi kuwa mita kwa sekunde: 16.67 na 29.17. Zidisha kila moja kwa yenyewe, toa ndogo kwenye kubwa, upate 573. Zidisha kwa nusu ya uzito, 750, upate kilojuli 430. Ongeza asilimia 8 kwa ajili ya vitu vinavyozunguka kwenye gia ya pili, yaani flaiwili, magurudumu na shafti, ufikie 464. Gawa kwa muda. Ukipata sekunde 3.1 ni kilowati 150. Ongeza kilowati 8 au 9 za upepo na matairi, unakuwa na 158, ambazo ni hospawa 212 kwenye magurudumu. Hiyo ni wastani wa safari yote ya mizunguko. Kilele huwa juu yake kwa asilimia 12 hadi 15, hivyo unafika 240 hivi. Inalingana na karatasi ya daino iliyovuliwa CF. Ukipata sekunde 3.6 badala yake, daino ilikuwa na ukarimu au kuna kitu kinavuja.

Kuhusu uzito, acha kutumia namba ya mtandaoni. Mizani ya malori kwenye yadi za vyuma chakavu Industrial Area inatosha, ila husoma kwa hatua, mara nyingi za kilo 20, kwa hiyo pima ukiwa ndani ya gari na mafuta ya siku ile ile. Kilo 50 kwenye gari la 1,500 ni sekunde 0.15 hivi. Rafiki wa kilo 75 anayekaa kushoto akishika simu ni sekunde 0.2.

Sasa kadiria, na uanze na kasi, si muda. Kasi ya kuvuka mstari inategemea nguvu na uzito karibu tu. Kuondoka vibaya hakuiharibu sana. Muda unaharibiwa na kila kitu. Nguvu ya magurudumu 241 gawa kwa 0.8 kwa gari linalosukumwa na magurudumu manne, 0.85 kwa linalosukumwa na mawili, upate 301. Uzito 1,500 gawa kwa 301 ni 4.98, kipeuo cha tatu ni 1.708. Kwa kasi natumia 283, katikati ya Hale na Huntington: 283 gawa kwa 1.708 ni kilomita 166 kwa saa. Hewa nyepesi ya Nairobi inakurudishia kidogo hapa, kwa sababu upepo unaokupinga nao ni mwepesi. Kwa gari la umbo hili ni kama hospawa 9 au 10 kwenye mita za mwisho, basi usiishushe 283.

Kutoka kwenye kasi hadi muda kuna njia fupi. Zidisha muda kwa kasi ya gari lolote lililokimbia robo maili vizuri na jibu litaangukia sehemu moja. Gari la magurudumu manne lililoondoka vizuri ni karibu 2,190. Kuondoka kwa kawaida ni 2,270. La magurudumu ya mbele lenye matairi ya barabarani ni 2,330 na kuendelea. Gawa kwa kasi yako ya 166: 13.2 ukiondoka kama bingwa, 13.7 kama watu wengine. Ile 13.6 iliyomuudhi mwenye Impreza ilikuwa sawa kabisa tangu mwanzo.

Mita 18 za kwanza ndizo zenye maneno mengi, na hapa mwinuko unauma zaidi kuliko kwingine kote. Kabla turbo haijaamka, EJ20 ni injini ya lita mbili isiyo na turbo, tena yenye uwiano mdogo wa mgandamizo, na imepoteza ile asilimia 17 yote. Moshi ni kidogo, kwa hiyo turbo nayo inaamka mizunguko mia kadhaa baadaye kuliko pwani. Ukiachia klachi kwenye 3,500 kama ulivyoona kwenye video ya watu wa pwani, injini inazama, geji inaonyesha hasi, na sekunde 0.4 zimeenda kabla gari halijaamka. Watu wa Nairobi wanalazimika kuondoka na 5,000 au zaidi, na boksi ya gia tano ya Subaru haipendi mchezo huo. Meno ya gia ya kwanza na ya pili ndiyo huanza kuvunjika. Achia klachi haraka lakini usiipige teke. Iruhusu iteleze kidogo kwenye mita mbili za mwanzo. Klachi ni bei nafuu kuliko boksi, hata ukienda kwenye maduka ya spea ya Grogan kutafuta ya mitumba. Sekunde 0.1 utakayookoa kwenye mita 18 inakupa kama 0.15 mwishoni. Gari la magurudumu manne lenye matairi ya barabarani likipata 1.9 hapo, usilalamike.

Gia nazo zinaweza kukunyang'anya. Piga hesabu ya kila gia: mizunguko mara mzingo wa tairi mara 60, gawa kwa 1,000, kisha kwa uwiano wa gia mara difu. Tairi ile ya 215/45R17 ikibeba gari ina mzingo wa mita 1.91. Gia ya tatu ya 1.366, difu 3.9, mizunguko 7,000: unapata kilomita 151 kwa saa. Kasi yetu ni 166, kwa hiyo gia ya nne lazima iingie kabla ya mstari, na kila badiliko la mkono ni sekunde 0.3 hadi 0.5 ambazo gari halisukumwi. Gari linalovuka kwa 153 lina tatizo baya zaidi: linabadilisha gia mita chache kabla ya mwisho bila faida yoyote. Hapo afadhali tairi refu kidogo, au kikomo cha mizunguko kipandishwe kwa 200 kama vali na mafuta yanaruhusu.

Siku yenyewe, mbio ya kwanza ndiyo ya kuamini kama umefika na gari limepoa. Intakula, yaani kipoza-hewa cha turbo, iliyo juu ya injini ya Subaru inanyonya joto ukisubiri foleni; hewa ya kuingia inaweza kupanda nyuzi 20 au zaidi juu ya ile ya nje, na kompyuta inarudisha nyuma taiming, yaani wakati wa plagi kutoa cheche. Fungua boneti, subiri dakika 15 hadi 20. Kati ya asubuhi ya Julai yenye nyuzi 12 na mchana wa Februari wenye 28, hewa inatofautiana uzito kwa asilimia 5, ambayo ni sekunde 0.2 kwa gari hili bila kugusa chochote. Fundi aliyetyuni asubuhi na kujaribu saa tisa mchana ana la kueleza.

Gari likikata kama linapigwa kofi kwenye busti ya juu, angalia plagi kwanza. Mwanya wa milimita 1.1 unazimwa na presha. Punguza hadi 0.7. Busti ikifika na kushuka ghafla, paipu imechomoka au klampu imelegea. Mizunguko ikipanda lakini kasi haipandi kwenye gia ya tatu na ya nne, klachi inateleza, na hakuna fomula itakayokusaidia. Na ukisikia mlio wa kokoto kwenye bati, au rekodi ikionyesha kompyuta inarudisha taiming nyuzi 4 au 5, achia mafuta mara moja. Huko ndiko kunoki kwa maana ya kitaalamu, mafuta kulipuka yenyewe kabla moto wa plagi haujayafikia. Ukiendelea, utaelekea kwenye "imenoki" ile nyingine, ya injini iliyokufa, ambayo fundi wa Kariobangi hukutamkia huku akipangusa mikono.

Kupima, kifaa cha GPS kama Dragy kinatosha. Jua tu kinachopima. Uwanja halisi wa drag hauanzi kuhesabu mpaka gari lisogee kama sentimita 30, na hizo zinakupa faida ya sekunde 0.2 hadi 0.3. Kifaa kina swichi ya kuiga hilo. Usilinganishe muda wako bila swichi na wa mwenzako mwenye swichi. Kasi ya uwanjani nayo ni wastani wa mita 20 za mwisho, hivyo huwa chini ya ile ya GPS kwa kilomita moja au mbili.

Na usipime Southern Bypass wala Thika Road usiku. Kasi ya 166 ni kosa kwenye barabara yoyote ya umma nchini. Pima siku barabara au uwanja umefungwa kwa ajili ya mbio. Hata hapo, kagua mteremko kabla hujasherehekea. Ardhi ya Nairobi inashuka kutoka upande wa Limuru na Ngong kuelekea Athi River, na sehemu inayoonekana tambarare kwa macho mara nyingi si tambarare. Mteremko wa asilimia 1 ni mita 4 kwenye robo maili, na kwa gari hili unaongeza kilomita 3 kwa saa mstarini. Kimbia pande zote mbili na uchukue wastani. Upande mmoja ukikupa 169 na mwingine 163, gari lako ni la 166.